Je, mtu huru ni yule asiye na wa kumuuliza?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza:

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, ni mhasibu katika ghala la mkonge. Baba alifariki, naishi na mama na mdogo wangu wa kiume aliye mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Ada yake natoa mimi. Nimepata kazi Mwanza yenye mshahara mzuri zaidi, natakiwa kuripoti mwezi ujao. Nyumbani wamekataa. Ami, ambaye ndiye walii wangu, anasema kuna posa imekuja na yeye ameshawapa watu moyo, na mtoto wa kike hakai mji wa mbali peke yake. Kaka yangu alipokwenda Dar hakuna aliyemuuliza kitu. Chuoni tulisoma falsafa ya uhuru, Mill na wenzake, nikaelewa kwamba mtu huru ni yule anayejipangia maisha yake. Mama ananiambia mtu ni watu. Je, falsafa ile iliandikwa kwa ajili ya watu wasio na ndugu? Nikiifuata nitakuwa nimewatupa wangu? Na nisipoifuata, ndiyo nimekubali utumwa?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na neno lako la mwisho, utumwa, kwa sababu sisi watu wa mwambao huu hatukulijua kwa kusoma vitabu tu.

Karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watu waliouzwa, na mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani yalilimwa na watumwa. Mtu aliyefikishwa pale kutoka bara alikuwa amenyang'anywa nini hasa? Jasho lake na mwili wake, ndiyo. Lakini kabla ya hapo alikuwa amenyang'anywa watu: mama wa kumtafuta, mjomba wa kumdai, ukoo wa kusimama naye mbele ya mwenye nguvu. Orlando Patterson, mwanasosholojia mzaliwa wa Jamaika, aliandika mwaka 1982 kwamba hicho ndicho kiini cha utumwa popote ulipokuwapo: mtu anakatwa na waliomzaa na anakatwa na atakaowazaa, anabaki yu hai kimwili ila kijamii ni maiti. Ndiyo maana watumwa wengi wa pwani hii walipoitafuta heshima hawakutafuta kukaa peke yao. Walitafuta kuingia katika watu: kuoa na kuolewa, kusilimu na kusoma, kukubaliwa ngomani, kuzikwa kama wanavyozikwa wengine.

Kwa hiyo mama yako ana hoja nzito kuliko pengine anavyodhani mwenyewe. Asiye na mtu hayuko huru. Kila mwenye nguvu anayepita anaweza kumfanya atakavyo, na hakuna wa kuuliza.

Historia hiyohiyo, hata hivyo, ina upande wa pili, na sipendi unapofichwa. Njaa ilipoingia Uzigua na Bonde, nchi za Wazigua na Wabondei, katika karne hiyo, wapo waliowekwa rehani ili nafaka ipatikane, na mara nyingi walikuwa watoto na wanawake. Aliyewaweka rehani hakuwa mgeni. Alikuwa mkubwa wao wa ukoo. Nakusihi usisome hapa kwamba namweka ami yako kundi moja na watu wale. Mtu anayehangaikia binti wa marehemu ndugu yake apate mume mwema anafanya kazi ya baba. Ninachosema ni kwamba udugu uleule unaomkinga mtu unaweza pia kumtoa. Idadi ya ndugu haikuambii lolote. Kinachokuambia ni kama yule anayezungumziwa ana sauti katika mazungumzo yenyewe, na kama sauti yake ikisema hapana, kuna kitu kinabadilika. Falsafa ya uliberali, yaani hiyo ya uhuru wa mtu uliyoisoma chuoni, nikiisoma kwa makini, inasimama juu ya swali hilo, wala haimtaki mtu akate ndugu.

Tuje kwa John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza. Kitabu chake cha 1859 juu ya uhuru hufundishwa kwa kanuni moja: jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kuzuia madhara kwa wengine, kumtakia mema peke yake hakutoshi. Kanuni hiyo ni yake na mimi naikubali. Lakini Mill mwenyewe anaonya katika kitabu hichohicho kwamba anayeielewa kama ruhusa ya kila mtu kutojali maisha ya mwenzake ameikosea kabisa. Tunatakiwa kushauriana, kuonyana, kusihiana, hata kung'ang'aniana. Anachokataza ni kulazimisha. Na alijua kwamba kulazimisha hakuhitaji askari. Aliandika kwamba nguvu ya jamii inaweza kubana kuliko sheria, kwa sababu inaingia ndani zaidi ya maisha ya mtu. Anayeishi katika mitaa ya Ngamiani, ambako habari ya asubuhi barabara moja inakuwa imefika barabara ya tano kabla ya adhuhuri, hahitaji kuelezwa maana ya hapo.

Nikuambie pia kasoro yake, maana vyuoni mara nyingine hupitiwa haraka. Mill aliajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, iliyotawala sehemu kubwa ya India, tangu 1823 mpaka 1858, na katika kitabu hicho aliandika kwamba kanuni yake haizihusu jamii alizoziona hazijakomaa. Sisi tungehesabiwa humo. Naliona kosa hilo kuwa kubwa, na dawa yake ni kuichukua kanuni na kuitumia mpaka pale alipokataa kuifikisha. Mwenyewe aliwahi kufanya hivyo upande mwingine: mwaka 1869 alichapisha utetezi wa usawa wa wanawake ambao wanaume wengi wa zama zake walimcheka kwa ajili yake, na alikiri wazi deni la fikra alilokuwa nalo kwa mkewe, Harriet Taylor.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwako. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha 1859 Mill anabishana na Mjerumani mmoja, Wilhelm von Humboldt, mtu aliyempenda sana. Humboldt alishikilia kwamba mikataba inayohusu nafsi za watu isiwafunge kisheria muda mrefu, na kwamba ndoa ivunjwe mmoja akisema tu kwamba haitaki tena. Mill anamjibu: si rahisi hivyo. Mtu akimfanya mwenzake, kwa ahadi au hata kwa mwenendo tu, amtegemee, na mwenzake akajenga mipango ya maisha juu ya tegemeo hilo, basi umezaliwa wajibu mpya. Wajibu huo unaweza kushindwa na sababu nyingine kubwa zaidi, lakini hauwezi kupuuzwa.

Pima mambo yako mawili kwa kipimo hicho, uone yanavyotengana.

Mdogo wako yuko mwaka wa pili. Alijiunga na chuo akijua dada yupo. Hukuandika mkataba, lakini kila muhula ulipolipa ulimwambia aendelee. Amejenga juu yako. Ukikata ada leo kwa sababu umesoma kwamba mtu huru anajipangia maisha, Mill mwenyewe angekukemea. Wajibu upo. Lakini tazama wajibu huo ni wa nini: ni wa ada na matumizi mpaka amalize, hausemi ulipe ukiwa umeketi Ngamiani. Mshahara mkubwa wa Mwanza unaweza kuutimiza vizuri zaidi kuliko huu wa ghalani. Anayesema usiende kwa sababu ya mdogo wako inabidi aonyeshe kwamba kuondoka kwako kutamkatisha masomo, na sijaona hilo katika barua yako.

Posa ni jambo jingine kabisa. Nani amekutegemea pale, na kwa neno la nani? Ami amewapa watu moyo. Hilo ni neno lake. Wewe hukuahidi, hukuonyesha dalili, hukuulizwa. Hakuna anayeweza kujenga juu ya ridhaa ambayo haijatolewa kisha akaidai kama deni. Ami atapata aibu ya kurudi kwa watu, nami namwonea huruma kwa hilo, na inafaa msaidiane ipungue. Lakini aibu yake haigeuki kuwa wajibu wako wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalisema wazi: hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya wote wawili. Hata ukilipeleka kwa wanazuoni wa Kishafii, ambao wengi wa pwani yetu wanawafuata, utakuta mamlaka ya kumwoza binti bila ridhaa yake waliyaweka kwa baba na babu mzaa baba tu, tena kwa masharti. Ami ni walii anayesimamia nikaha. Hakupewa mamlaka hayo. Mwulize sheikh wako, usinisikilize mimi peke yangu.

Umeniandikia vilevile, katika sehemu ya barua ambayo sikuichapa, kwamba uko katika mchezo wa fedha wa akina mama wa mtaani na unaogopa watakuona mkimbizi. Hapo kipimo ni kilekile na kinaonekana wazi katika daftari la kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo. Kama zamu yako imeshapita, umekula fedha za wenzako na kila wiki iliyobaki ni deni, uwe Tanga au Mwanza. Mwachie kijumbe mpango wa kutuma kwa simu. Kama zamu yako haijafika, zungumza naye atafute wa kuchukua nafasi yako. Ukifanya moja kati ya hayo hakuna mwenye neno nawe.

Suala la kaka yako limenigusa, kwa sababu umelitaja kwa sentensi moja ukapita, na mimi naona ndilo lenye uchungu. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1785, aliweka uhuru wa mtu katika uwezo wa kujiwekea sheria, na akasisitiza kwamba kufanya kila unachotaka si uhuru. Sheria ya kweli, kwa Kant, ni ile ambayo mtu anaweza kutaka imfunge kila aliye katika hali hiyo. Basi iulizwe kikaoni: sheria ya nyumba yenu ni ipi? Kama ni kwamba anayetegemewa haondoki, kaka naye alitegemewa. Kama ni kwamba anayeondoka anatuma, na wewe utatuma. Kama ni kwamba wa kiume anaondoka na wa kike anabaki, semeni hivyo kwa sauti, tuone nani atakayeitetea ikishatajwa.

John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani, aliligeuza wazo hilo mwaka 1971: watu wapange kanuni za haki kana kwamba hakuna anayejua atazaliwa nani, tajiri au maskini. Miaka 18 baadaye mwanafalsafa mwanamke, Susan Moller Okin, alimwonyesha kwamba aliwaketisha kikaoni wakuu wa kaya, akaacha ndani ya nyumba kukiwa giza. Haki inaanza kufundishwa nyumbani, alisema Okin, na mtoto anayekua akiona mmoja anaamua na mwingine anatumika hatajifunza usawa barazani. Naona Okin alikuwa sahihi kuliko Rawls.

Utakuwa pia ulisikia chuoni kwamba uliberali umeshakosolewa kwa kumfanya mtu kama aliyeota peke yake. Michael Sandel, Mmarekani, alisema hivyo mwaka 1982: mtu wa Rawls hana mzigo wowote, anachagua hata mama yake kama anayechagua shati. Wapo waliberali waliostahili kuambiwa hivyo. Jibu bora naliona kwa Joseph Raz, mliberali mwenyewe, mwaka 1986. Raz anasema mtu hawezi kujiamulia bila mambo matatu: akili na uwezo wa kupanga, kutoshurutishwa wala kughilibiwa, na machaguo ya kutosha yenye maana. Hilo la tatu huwezi kujitengenezea. Bibi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alikuwa mwimbaji wa taarabu wa Black Star na baadaye Lucky Star hapa Tanga. Sauti ilikuwa yake. Lakini asingeweza kuchagua kuwa mwimbaji wa taarabu mahali pasipo klabu, wapiga fidla, watunzi, na watu wa kutoka majumbani mwao kwenda kusikiliza. Vivyo hivyo uhasibu wako: umesomeshwa, umepewa chaguo hilo na wengine. Kujiamulia ni tunda la jamii, na ndiyo sababu jamii inaweza kudai shukrani. Haiwezi kudai kwamba kwa kuwa ilikupa uwezo wa kuchagua, basi usiutumie.

Mama anaposema mtu ni watu, anasema walichoandika wanafalsafa wetu. John Mbiti wa Kenya alikiweka mwaka 1969: nipo kwa sababu tupo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria, mwaka 1984, alikwenda mbali zaidi, akasema utu wenyewe mtu anaupata kwa kulelewa na jamii, na jamii inatangulia. Hapo naachana naye, nasimama na Kwame Gyekye wa Ghana, ambaye katika kitabu cha 1997 aliupa mtazamo wake jina la ujamii wa wastani: mtu anazaliwa katika watu, lakini ana akili na dhamiri yake, na anaweza kuipima mila ya watu wake na kuikataa. Ananukuu methali ya Waakan kwamba ukoo ni kama kundi la miti: ukitazama kwa mbali imeshikana, ukikaribia unaona kila mti umesimama wenyewe.

Na sisi Watanzania tunalo somo letu ambalo tuliligharimia. Mwalimu Nyerere alipoeleza ujamaa mwaka 1962 aliuegemeza kwenye udugu wa kaya ya Kiafrika. Mwaka 1968, akizungumzia uhuru na maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mpaka 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao zikivunjwa. Udugu uliohubiriwa 1962 haukupatikana kwa njia ile. Watu walikaa karibu, lakini hawakuwa wamekubaliana. Namheshimu Mwalimu kupita wanasiasa wote niliowasoma, na ndiyo maana nayapa uzito maneno yake ya 1968.

Jambo moja la ndani zaidi. Wanafalsafa wanawake wa karibuni, wakiwemo Catriona Mackenzie na Natalie Stoljar waliohariri mkusanyo wa mwaka 2000, wametuonyesha kwamba hata kuujua moyo wako ni kazi inayofanywa na watu. Mtoto anayesikilizwa anajifunza kuamini hukumu yake. Anayekatizwa kila mara anaishia hajui anataka nini. Kwa hiyo jichunguze. Ukifika mahali ukasema "hata hiyo kazi ya Mwanza siitaki tena", jiulize kama ni wewe unayesema au ni sizitaki mbichi hizi ya mtu aliyechoka kubishana. Na upande wa pili pia: usiitake Mwanza kwa kuwa tu umekatazwa. Binti aliyeweza kuniandikia barua ile, ikiwa na pande zote mbili bila kumtukana mtu, amelelewa na mtu aliyemsikiliza. Nadhani ni mama yako. Kama ni hivyo, unaye wa kuanzia naye.

Wapo watakaokuambia, kama anavyosema mwanafalsafa wa siasa Chandran Kukathas, kwamba mradi mlango uko wazi na unaweza kuondoka, hakuna dhuluma. Okin alimjibu, na mimi nakubaliana naye: wanaohitaji mlango zaidi mara nyingi ndio wasioweza kuufikia, na kumwambia mtu achague kati ya kunyamaza na kupoteza mama yake hakuwezi kuitwa uhuru. Kwa sababu hiyo sikushauri upande basi alfajiri uache ujumbe kwenye simu. Labda siku wakikufungia ndani. Hapo ningekuambia mengine. Sasa una njia ya kusema na kusikilizwa. Ijaribu mpaka mwisho.

Anza na posa, kabla ya jambo jingine lolote, na kabla upande wa pili haujaleta mahari. Mwambie mama kwanza faraghani. Kama yupo shangazi ambaye ami humsikiliza, mwende naye. Jibu liwe la heshima na liwe la wazi, maana ukisema "tuone kwanza" watu wataendelea kujenga, na hapo ndipo utakapoanza kuwa na deni la kweli. Usikubali posa na safari vizungumzwe katika kikao kimoja, kwa sababu utaambiwa kubali hili upewe lile.

Kikao cha pili kiwe cha safari. Wewe ni mhasibu: andika karatasi moja. Ada iliyobaki mpaka mdogo wako amalize, kodi ya Mwanza, chakula, utakachotuma kwa mama kila mwezi, na nani atakayekuwa naye akiugua usiku. Hilo la mwisho kaka alichukue, au aeleze mbele ya wote kwa nini halichukui. Waombe waajiri wako wapya wakusogezee tarehe kama muda hautoshi. Wengi wanaelewa wakiombwa mapema. Na hofu ya mama kuhusu binti kukaa peke yake usiibeze. Ni hofu ya mtu anayekupenda, na inahitaji majibu: mtaa utakaokaa, jina la mwenye nyumba, na namba ya simu ya jirani ambayo mama anaweza kuipiga saa yoyote. Vitafute hivyo kabla hujaingia kikaoni.